Bunduki ya Bwana Bawa

Arusha, 4 Mei 2025

Kwako Fundi Twalibu, Ipuli, Tabora,

Mwangaluka! Hata kama unaisoma jioni, pokea salamu ya asubuhi, maana kwangu tangu juzi ni asubuhi tu. Nimefika kwa Levina salama. Binti yangu amenenepa, mumewe Damas ananiita Baba kila baada ya maneno mawili, na baridi ya huku inaingia hadi kwenye kope. Hayo yameisha, sasa nikwambie jambo lenyewe.

Unajua nilichokuja kufanya. Ile bunduki ya marehemu baba, mkaguzi aliikataa ukiwepo, na alikuwa na haki, mtutu ulishapasuka, ni Mungu tu haukutulipukia usoni. Kibali kipya ninacho mfukoni, cha shotigani moja. Moja tu, Twalibu! Nikikosea kuchagua, nitakaa na kosa hilo hadi mnizike. Nilidhani nitaingia dukani, nishike, nilipe, nirudi nyumbani Lusu kuwasubiri kanga. Kumbe!

Damas amenipeleka uwanjani wanakolenga visahani. Kuna mashine inarusha visahani vya udongo, rangi ya chungwa, ukubwa wa kisosi cha kikombe. Unasimama, unapaza sauti "Haya!", kisahani kinafyatuka kama kwale aliyekanyagwa mkia, na wewe una pumzi moja tu ya kukiwahi. Watu wazima wenye mvi kunizidi wanashinda pale wakivunja vyombo na wake zao hawawagombezi! Walitaka kunipa vizibo vya masikio. Nikawaambia wanangu, mmechelewa, haya masikio bunduki ilishayala zamani. Wanashangaa pia kuona naandika barua. Simu na mimi hatusikilizani, nifanyeje?

Nilipewa bunduki ya kuazima. Kisahani cha kwanza kilienda zake. Cha pili nilikigonga! Nilianza kucheza nayo mkononi kwa furaha hadi mwalimu wa pale, kijana anaitwa Revocatus, akaniomba niiweke chini kwanza.

Sasa nina shida. Muuzaji anasema bunduki ni kama koti, lazima ikukae. Anataka kipimo cha mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole cha shahada, na bega pia. Alitaka kunipima. Nikamwambia usijisumbue, mwenye vipimo vyangu yuko Tabora. Niandikie upesi, mpe dereva wa basi kama kawaida.

Rafiki yako,
Zablon


Tabora, 11 Mei 2025

Bwana Bawa,

Assalaam aleikum, na kama hujui kuitikia muulize jirani.

Barua yako nimeisoma kijiweni kwa Abdulatifu muuza kahawa, kwa sauti, na watu wamemwaga kahawa. Umegonga kisahani! Wewe? Zablon wa Lusu? Wallahi hicho kisahani kilikufuata chenyewe kwa kukuonea huruma. Wazee wameniuliza, je, kilivunjika chote au kilivunjika bawa tu?

Usikasirike. Lakini ukweli tuuseme, tangu watoto wetu wanatambaa tunatembea pamoja kwenye majaruba ya mpunga ya Lusu, na ukiacha siku ya kwanza ulipobahatisha nikiwa mbali, sijawahi kuona umemwangusha kanga akatulia. Bunduki inalia, ndege anadondoka, halafu anaamka na kukimbia na bawa moja, na mimi fundi wa watu mbio nyuma yake kisu mkononi, kanzu nimeifunga kiunoni. Wewe unapiga nusu, mimi namalizia. Ndiyo maana jina la Bwana Bawa halitakutoka hata ukienda kulenga ng'ambo.

Vipimo hivi hapa, viko kichwani. Kiwiko hadi kidole ni inchi kumi na tatu na robo kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ni kumi na nne. Ndiyo, soma tena. Tangu ulipodondoka mtini kwenye mzinga wa nyuki ule mkono haukunyooka sawasawa, na bega la kulia limeshuka. Makoti yako yote naweka pamba mara mbili upande ule, na mkono nakata mfupi, ndiyo unajiona umesimama wima kama mkuu wa wilaya. Mwambie muuzaji akupe bunduki yenye kitako kifupi.

Habari kubwa: Najiat wangu anaolewa tarehe 19 Julai! Posa imekubaliwa, mama yake amelia kutwa, mimi nimeshona hadi mashine imepata joto. Msimu wa ndege unafunguliwa Julai mosi, na uliniahidi binti huyu akiwa mchanga kwamba walima wake utakuwa na pilau ya kanga. Nimeshatangaza mtaa mzima. Chagua bunduki inayotapanya marisawa mengi, zile punje za ndani ya risasi, angalau moja likosee njia likampata ndege.

Ndugu yako anayekucheka,
Twalibu


Arusha, 25 Mei 2025

Fundi,

Najiat anaolewa! Nimeruka, Levina akadhani nimeumwa na nge. Mpe mkono wangu huyo mtoto. Ahadi ya kanga ipo palepale, na safari hii hutaniona na bunduki ya kufungwa kwa waya.

Ya pamba nimeyasikia. Miaka yote hiyo hukunitamkia! Nililenga nimevaa shati la Damas, bega likawa jeusi kama sufuria, nikasema kumbe ni Twalibu aliyekuwa akinikinga na lile teke la bunduki. Muuzaji alipoona kipimo chako alicheka, kisha akanipima mwenyewe, kisha akaacha kucheka. Ni kumi na tatu na robo.

Nakwenda uwanjani kila Jumamosi na Jumatano, Twalibu, na usiku nalala na visahani machoni. Kuna vinavyokuja kwa mbele, kuna vinavyokatiza kulia kwenda kushoto, kuna kimoja kinatambaa chini kama sungura. Huwezi kulenga kilipo, lazima utangulie mbele kidogo na bunduki iendelee kutembea, ukiisimamisha tu umekikosa. Kama kanga wanaporuka kutoka kwenye mashamba ya karanga! Napata vingi kuliko ninavyokosa. Andika hilo ukutani kwa Abdulatifu.

Lakini Revocatus ana jambo linamkera. Visahani vyangu havipasuki, vinamegeka. Kipande kidogo upande wa mbele kinaruka, kingine chote kinaendelea na safari. Kwao kipande kikionekana kuruka ni alama, basi alama napata. Ila jana alisimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akaniandikia kwenye kiganja chake kwa kalamu, maana kunipigia kelele kumemchosha: "Mzee, asiyejua kulenga hukosea huku na kule. Wewe unakosea mahali palepale kila mara. Kwa nini?" Nikamjibu ni mazoea. Akafuta kiganja kwenye suruali.

Bunduki zimebaki mbili na nimechanganyikiwa. Ya kwanza, mitutu yake imebebana, mmoja juu ya mwingine, na midomo yote imebanwa, kwa hiyo marisawa yanatoka yameshikana kama ngumi. Kisahani kikipigwa na hiyo kinageuka vumbi. Nimeijaribu, Twalibu, inakaa shavuni kama imenizoea. Ya pili mitutu imelala ubavu kwa ubavu, nyepesi, kongwe kidogo. Tarehe 21 Juni kuna mashindano ya wageni hapa na Damas ameniandikisha. Nishauri.

Zablon


Tabora, 9 Juni 2025

Bwana Bawa,

Idi imepita salama, tumekula, tumeshiba, mgongo unauma kwa nguo za watu. Nimesoma barua yako mara tatu, na sasa nakupa amri, si ushauri. Chukua hiyo ya ngumi! Unauliza nini? Mungu amekuletea bunduki inayogeuza kitu vumbi, wewe unataka kongwe nyingine uje unikimbize tena majarubani? Magoti yangu, Zablon! Mwaka jana yule kanga wa mwisho alinipeleka hadi karibu na Nzega. Nataka siku moja nikae juu ya kichuguu, nisikie mlio, nione ndege anadondoka kama jiwe na anabaki palepale alipodondoka. Kabla sijafa nilione hilo.

Tena nataka heshima yako. Hapa kijiweni nikisema rafiki yangu ameingia mashindano Arusha wanauliza kama kuna zawadi ya mtu wa mwisho. Zamani nilikuwa nacheka nao. Juzi nilishindwa, nikamjibu mtu vibaya, hadi Abdulatifu akanipa kikombe bure ili nitulie. Wewe nikucheke mimi, hao wengine ni nani?

Ya walima yanakwenda. Jamaa wa bwana harusi ni watu wa dini sana kutoka Kaliua, na wameuliza kanga watachinjwa na nani. Nimewajibu ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mmoja mmoja, akiwa hai. Unanijua. Sheikh wetu anasema wapo wanazuoni wanaoruhusu mawindo yaliyokufa kwa risasi, bora jina la Mungu litajwe wakati wa kufyatua. Namheshimu, lakini moyo wangu haukubali. Kisu kikikuta ndege ameshakufa, kwangu huyo ni kibudu, namwacha. Hivyo ndivyo mama alivyonilea na hivyo ndivyo wageni wangu wote watakavyokula.

Basi nunua hiyo iliyobebana, shinda hayo mashindano, uje upesi. Kisu nimeshakinoa.

Twalibu


Arusha, 22 Juni 2025

Fundi,

Nakuandikia kwa haraka, basi la kesho litakalobeba barua linaondoka alfajiri. Mashindano yamekwisha salama. Nilifanya kidogo, si vibaya kwa mzee. Kulikuwa na soda na nyama choma, Damas alipiga picha nyingi.

Bunduki nimenunua. Nimechukua ile kongwe ya ubavu kwa ubavu. Ni nyepesi, na kwa umri huu uzito ni jambo la kufikiria. Mtutu wa kulia mdomo wake mpana, unatapanya, wa kushoto umebanwa. Kitako wamekifupisha hadi kikafika kipimo chako. Itatufaa kwa kanga, nina hakika, na magoti yako niombee msamaha.

Najua ulisema nyingine. Usinigombeze, nimefurahi nayo mno. Nitafika Lusu tarehe 29 na wewe uje Julai mosi, Mama Levina atakuwa ameandaa.

Zablon


Arusha, 23 Juni 2025

Baba Twalibu,

Shikamoo. Ni mimi Levina wa Zablon. Najua wewe na baba mmezoea barua, nami nimeona jambo hili si la kupigiana simu katikati ya kelele za kijiweni. Ameniomba nisikwambie. Nimeshindwa, Baba, tangu juzi natembea nalo kama nimemeza kaa la moto.

Amekuandikia kwamba alifanya kidogo? Alishinda! Amewashinda wageni wote, na kikombe amekificha ndani ya gunia la mchele wangu.

Ilikuwa hivi. Asubuhi alianza na mtindo wake ule wa kumegamega, akawa katikati, si wa kwanza wala wa mwisho. Ilipofika duru ya mwisho Revocatus akampa ile bunduki ya mitutu iliyobebana, akamwandikia kwenye kiganja: "Hapa hakuna ndege. Vunja." Baba akakiangalia kile kiganja, akacheka peke yake, akavua kofia akanipa nishike. Baba Twalibu, sijui niandike vipi. Hakukosa hata kimoja. Na havikuvunjika, vilipotea! Unaona cha rangi ya chungwa kimeruka, unasikia mlio, unaona kivumbi hewani, basi. Vya kushoto, vya kulia, kile cha kutambaa chini, viwili kwa pamoja. Watu waliokuwa wanakula nyama waliacha wakaja na mifupa mkononi. Damas alikuwa anaruka kama mtoto. Mimi nililia, wala sioni aibu kukwambia. Nimekua nikisikia baba yangu anaitwa Bwana Bawa.

Tukaenda naye dukani papo hapo, Revocatus pia, muuzaji keshaifuta ile bunduki na kuilaza mezani, hata swali hakuna. Baba akaishika, akaiweka shavuni mara moja, akairudisha mezani taratibu. Akasema, "Hii inaua papo hapo." Muuzaji akamjibu kwa sauti ya juu, si ndiyo sifa yake, mzee? Baba akasema, "Rafiki yangu hali ndege aliyekufa kabla ya kisu."

Revocatus akakaa kwenye kiti. Nadhani alielewa kabla yangu.

Mimi nilimuuliza njiani. Akanieleza siku ya kwanza mlipotoka pamoja, mimi sijajua kutembea, aliangusha kanga watano na wote walikuwa wameshakufa ulipofika na kisu. Tukala nyama sisi, na wewe mgeni ukala ugali kwa mlenda kwenye meza ileile, ukasema unapenda sana mlenda. Baba anasema hakulala vizuri. Tangu siku hiyo akajifunza kutangulia mbele zaidi ya inavyotakiwa, ili ndege apitiwe na marisawa ya pembeni tu, kwenye bawa. Anasema ni kazi ngumu kuliko kuua.

Nikamwambia, baba, kwa nini hukumwambia miaka yote hiyo? Watu wanakucheka mji mzima! Akasema, "Usimwambie. Anapenda sana kunicheka, akijua ataacha."

Nisamehe kama nimekosea kuandika. Pongezi nyingi kwa Najiat, tutakuja wote.

Mwanao,
Levina


Tabora, 27 Juni 2025

Zablon,

Nimekosa namna ya kuanza. Nimeanza na jina lako.

Binti yako amesema. Usimgombeze, ukimgombeza utakutana na mimi. Nilikuwa napinda shela la Najiat barua ilipofika. Niliisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha mama Najiat akaja kuniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni Zablon, ameshinda Arusha! Nikacheka hadi machozi, na machozi yalipokuja yakakaa sana.

Ule mlenda naukumbuka. Sikuupenda hata kidogo. Nilidhani nimewadanganya wote pale mezani.

Mwanamume gani wewe! Mtu anakaa miaka yote anajua kupiga, anaitwa Bwana Bawa sokoni, mnadani, mbele ya wakwe zake, na ananyamaza ili fundi cherehani apate kitoweo! Nimekuonea hasira na nimekupenda kwa saa moja. Kisha nikavaa kofia, nikaenda kijiweni. Nikaisoma barua ya Levina yote, kwa sauti ileile niliyosoma zile zako. Hakuna aliyemwaga kahawa. Yule niliyemjibu vibaya aliniomba nirudie pale kwenye vumbi. Nikarudia. Abdulatifu akasema, "Kwa hiyo aliyekuwa hajui ni wewe." Nikamwambia ndiyo, ni mimi, andika ukutani.

Lakini kukucheka sitaacha, usijidanganye. Nina mambo mengine mengi ya kukuchekea, nikianzia na unavyoimba kwaya.

Kuhusu bunduki, umechagua vizuri kuliko nilivyokuamuru. Mtutu wa kulia wenye mdomo mpana ni wa walima. Nitakuja Julai mosi alfajiri, magoti nimeyapaka dawa, na kila kanga utakayemvunja bawa nitamkimbiza hata akifika Kaliua kwa wakwe zangu. Tena nitamkimbiza kwa furaha, maana sasa najua anakimbia kwa sababu wewe umetaka akimbie.

Ila kabla ya hao wote nina ombi moja. Ndege wa kwanza asiwe wangu. Kisu nitakiacha ndani kwa Mama Levina, nitasimama nyuma yako mikono mitupu. Mpige kwa mtutu wa kushoto, Zablon. Mpige kama ulivyopiga vile visahani mbele ya wageni, adondoke na abaki palepale. Mtamla ninyi na mimi nitakula mlenda, na safari hii nitasema wazi kwamba ni mbaya.

Wageni wa Arusha wamekuona. Nami nataka kukuona.

Twalibu